Kalamu ya Zambarau ya Ohsweken

Huu ni mwaka wangu wa sita Brantford, katika jimbo la Ontario, mwendo mfupi kwa gari kutoka Ohsweken, kijiji kikuu cha Six Nations of the Grand River, jamii ya wenyeji asilia wa Kanada. Huko wapo wazee wachache waliokulia katika Kanyen'kéha, lugha ambayo wageni huiita Kimohawk. Hapa mjini lingali limesimama jengo la Mohawk Institute, shule ya bweni iliyofungwa mwaka 1970, ambamo watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Mimi niliyevishwa kibao shingoni kule Taita kwa kuponyokwa na neno la Kidawida sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Kilichonivutia ni programu ya kompyuta ya kuunda vitenzi vya Kanyen'kéha, iitwayo Kawennón:nis, iliyoundwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada pamoja na walimu wa Onkwawenna Kentyohkwa, shule ya lugha ya watu wazima iliyoanzishwa mwaka 1999. Kitenzi chao kinafanana na chetu, ila kimetupita kwa ugumu. Sisi tukisema "nakupenda", mtenda ana kiambishi chake na mtendwa ana chake. Wao husema "konnorónhkwa", na kiambishi kimoja tu, kon-, kimewabeba "mimi" na "wewe" wasiweze kutenganishwa. Viambishi vya namna hiyo ni zaidi ya 50, tena humeza herufi za jirani zao, hivi kwamba kamusi haimfai anayeanza, kwa kuwa hajui shina limejificha wapi. Katika programu mwanafunzi huchagua mtenda, mtendwa, kitenzi na wakati, akapewa neno zima. Kiambishi cha mtenda huwa chekundu, cha mtendwa buluu, na wanapokutana wawili hao huwa cha zambarau. Rangi hizo hazikubuniwa na wahandisi. Walimu walikuwa wakizitumia darasani tangu awali, na ndiyo sababu nauamini utafiti huu kuliko mingi niliyoiona.

Maumbo yanayozalishwa yamezidi laki mbili, na hakuna mzee atakayeketi kuyarekodi yote, kwa hiyo watafiti wamegeukia sauti ya kompyuta iliyofunzwa kwa rekodi za wasemaji wenyewe.

Majuzi jirani yangu anayejifunza lugha hiyo alinitaka nimchambulie "hatutawapikia". Nilichora "tu" kwa nyekundu na "wa" kwa buluu. Aliinua kalamu ya zambarau akasubiri, nami nikamwambia airudishe mkebeni.