Kumbukumbu ya mradi: nyumba namba 41

Januari. Mavyaa ametimiza miaka 80, na karatasi ya zamani aliyonayo ya ukoo wake ni moja tu: cheti cha ndoa ya babu yake, 1898, kutoka kijiji kidogo kusini mwa Tarnów, Polandi. Upande wangu wa Tanga bibi alitutajia mababu kwa mdomo kila khitima, na wanangu wameanza kuwakariri. Nataka wawe na wa upande wa baba yao pia.

Februari. Kijiji hicho kilikuwa Galicia, sehemu ya Polandi iliyokuwa chini ya Austria tangu 1772 hadi 1918. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II aliamuru mapadri waandike ubatizo, ndoa na vifo kwenye majedwali, na kila kijiji kiwe na daftari lake. Hilo limenirahisishia kazi mno. Madaftari ya upande wa Polandi uliotawaliwa na Urusi ni maelezo marefu, na tangu 1868 ni ya Kirusi. Mimi nasoma safu tu: tarehe, namba ya nyumba, jina, wazazi, wasimamizi wa ubatizo. Kilatini chake ni maneno yaleyale kila ukurasa.

Machi. Wiki tatu nimemtafuta Wojciech, baba wa Jan, bwana harusi wa cheti kile, nisimwone. Kumbe kwa Kilatini Wojciech huandikwa Adalbertus! Nilipojua hilo wakajitokeza wawili, jina la ukoo lilelile, kila mmoja mkewe Marianna, kila mmoja kabatiza mtoto aitwaye Jan mwaka 1873. Nilikaa na kurasa hizo usiku mzima. Jibu lilikuwa kwenye cheti cha mavyaa muda wote: bwana harusi, nyumba namba 41. Jan mmoja ni wa 17, mwingine wa 41.

Tangu siku hiyo nafuata nyumba kwanza, jina baadaye. (Tahadhari kwa anayeanza: namba za nyumba zilibadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo linganisha na majirani.)

Aprili. Nimerudi nyuma na 41 nikitarajia kumkuta Adalbertus mchanga. Hayumo. Aliyezaliwa humo, mwaka 1841, ni Marianna. Mume ndiye aliyehamia kwa mke.

Kisha nikafungua daftari la vifo la 1847. Viazi vilikuwa vimeoza shambani, njaa imeingia, na homa ikafuata. Kurasa za mwaka huo ni nyingi kuliko za miaka mingine, na mwandiko wa padri unazidi kuchoka. Nyumba 41: baba, mama, kaka, na kitoto kichanga, ndani ya wiki tano. Safu ya sababu ya kifo inasema typhus, mara nne. Marianna alibaki na miaka sita.

Mwaka uliofuata wakulima wa Galicia walifutiwa kazi za lazima kwa bwana shamba na kumilikishwa ardhi waliyolima. Kazi yangu ya Mei ni kujua nani alimshikia yatima huyu shamba lake hadi akaolewa humohumo.

Nilimsomea mavyaa kwenye simu. Alinyamaza, kisha akaniomba niyaandike majina ya hao wanne kwa herufi kubwa, ili tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, awawashie mishumaa. Matatu nimeshayaandika. La kichanga wino umeingia kwenye mkunjo wa karatasi; nimeomba ukurasa ule upigwe picha upya.