Nilivyoshika daftari la shamba la ujamaa

Operesheni Dodoma ya 1971, ya serikali ya Tanzania kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ndiyo iliyotutoa kwenye matembe yetu, nyumba za udongo zenye paa bapa, tukapangwa kando ya barabara. Mimi nilijua kusoma na kuandika, basi nikabebeshwa daftari la shamba la ujamaa, lililolimwa na kijiji kizima kwa pamoja.

Wanaosema mkulima alikataa kulima na mwenzake siwaungi mkono. Kwetu aliyezidiwa na magugu alipika pombe ya mtama, majirani wakaja na majembe yao, na kila mtu alijua shamba ni la nani na zamu ijayo ni ya nani. Kwenye shamba la ujamaa hayo mawili hayakujulikana.

Nilitakiwa kuandika mahudhurio tu. Aliyeegemea mpini mpaka saa sita na aliyelima mpaka mgongo ukakataa, wote walipata alama moja. Nikapeleka hoja mkutanoni: tupime ngwe, kipande cha kulima cha kila mtu, kwa kamba, anayemaliza yake aende zake. Wazee hawakubisha, ngwe waliijua tangu utoto. Siku za msiba nazo tukakubaliana hazihesabiwi utoro, na kabla ya kupanda wazee walifanya tambiko lao kwanza. Sioni lilipunguza nini katika ujamaa.

Ugumu ulikuwa kwenye kuwaandika wake za watu. Mila yetu kila mke ana shamba lake na ghala lake, na mume hachoti kwa huyu akamlisha yule. Daftari lilikuwa na jina la mume peke yake. Wanawake wakalima, mgawo ukaenda kwa baba, wengine wakauuza hukohuko. Siku ya kugawa mama mmoja akanisimamia mbele ya mizani: "Mwanangu, jembe langu umeliandika wapi?"

Msimu uliofuata nikaandika kila mke kwa jina lake. Wanaume wakaja juu, eti navunja mila. Nikamgeukia mkubwa wao, mwenye wake watatu: "Babu, kwako kuna ghala ngapi?" Akasema matatu. "Lako ni lipi?" Wenzake wakacheka kabla yeye hajajibu. Akakohoa, akasema, "Haya, andika." Walionuna walinuna, lakini ngwe za wanawake zilianza kulimwa mapema kuliko zote.

Ng'ombe ndio sikuwaweza. Nyumba zilisogezwa, malisho yakabaki kulekule, na mifugo ya kijiji kizima ikawa inapita ubavuni mwa shamba asubuhi na jioni. Mistari ya pembeni tuliihesabu imeliwa tangu siku ya kupanda.