Nilikua najua jibu, sikujua kitenzi

Mwaka 2009 nilikua fom foo, shule moja ya kata hapa Tanga mjini, na mama alikua anauza vitumbua asubuhi kule Ngamiani barabara ya 12. Naanza na vitumbua makusudi, mtaona mbele.

Mwezi wa saba tukafanya mock. Kwenye baiolojia kulikua na swali la maksi 6 ambalo nalikumbuka mpaka leo neno kwa neno: "Explain how yeast makes dough rise." Nikalisoma nikafurahi, maana yeast si ndo hamira, na hamira nimeishika kwa mikono yangu tangu darasa la tatu. Nikaandika chap chap: Yeast. Sugar. Warm water. Time. Carbon dioxide. Nikazipa namba moja mpaka tano, nikapiga mstari chini kwa rula, nikahamia swali linalofuata nikijua zile sita tayari ni zangu.

Karatasi zikarudi, nimepata 1.

Pembeni ya kila pointi madam kaandika kwa peni nyekundu neno moja tu, How? How? How? mara tano, na ile ya mwisho kaikandamiza peni mpaka ukigeuza karatasi unaigusa kwa kidole kule nyuma. Iliniuma jamani. Iliniuma kwasababu hakuna hata kimoja nilichokosea, vyote nilivyoandika ni kweli, af nina 1. Ningekua sijui kabisa ningenyamaza, lakini kukosa kitu unachokijua kuliko mtu yeyote darasani ni maumivu mengine.

Mchana nikamfuata staff room. "Shikamoo madam." "Marahaba, kaa hapo." Akachukua karatasi yangu, akaisoma tena yote, kisha akanambia kwa kiswahili, na ilikua mara ya kwanza namsikia anaongea kiswahili ndani ya eneo la shule: "Mama yako anauza vitumbua, si ndio? Nitajie anaweka nini."

Nikasema mchele, tui la nazi, sukari, hamira, hiliki.

"Hapo umetaja. Kwa kiingereza hiyo ni mention, au state. Haya, kitumbua kikiiva kikoje?"

Nikamwambia cha duara, kimebinuka juu na chini, pembeni kina rangi ya kahawia, ukikimega ndani kina vitundu vitundu.

"Hapo ume-describe, umenifanya nikione. Sasa vile vitundu vinatoka wapi?"

Nikaanza kuongea, na nikianza habari za vitumbua sinyamazi. Nikamwambia mama analoweka mchele usiku kucha, asubuhi unasagwa na tui mpaka unakua rojo zito, anatia sukari na hamira, analiacha, na lile rojo linapanda lenyewe kwenye ndoo, linatoa mapovu, na maji yakiwa ya moto sana hamira inakufa, hakipandi kitu, siku hiyo hasara, na wakati wa kipupwe kama hivi mwezi wa saba anaifunga ndoo na khanga anaiweka karibu na jiko la mkaa kwasababu kukiwa na baridi hamira inafanya kazi polepole na wateja wa saa 12 hawasubiri. Akaniuliza hamira inafanya kazi gani? Nikasema inakula sukari madam, ikila sukari bila hewa ya oksijeni inatoa ile kabonidayoksaidi na spiriti kidogo, ndo maana rojo lililolala sana linanukia uchachu, na ile gesi inataka kutoka ila rojo ni zito linaishika, bas linavimba.

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Hiyo ndo explain mwanangu. Ulikua nayo yote. Uliniandikia mention."

Kwakweli nilitokwa na machozi pale pale. Miaka 7 ya msingi tumesoma kwa kiswahili, mtu akikwambia taja, au eleza, au fafanua, unajua anataka nini bila kufundishwa, ni lugha yako. Af fom wan kila kitu kinageuka kiingereza, na tunakaririshwa majina ya vitu, root, stem, leaf, lakini vile vitenzi vinavyobeba swali hakuna anaekaa chini akakupambanulia. Mimi mpaka siku ile kwangu mention, outline, describe, explain, discuss zote zilikua "andika pointi". Nashindwa kuhesabu ni watoto wangapi wameandikiwa hawana akili kwasababu ya neno la kwanza la swali.

Madam akavuta kipande cha karatasi, tukaendelea na kitumbua kile kile. Outline, nipe hatua kwa mpangilio, kwa kifupi, usinisimulie. Elaborate, umeshasema, sasa ongezea nyama. Clarify, ulichosema kina ukungu, uondoe. Discuss, nipe pande zote, hamira ina faida gani na hasara gani. Kile kikaratasi nilikaa nacho mpaka mtihani wa taifa na baada ya hapo.

Miaka mingi baadae, nipo chuo, nikaona kwenye kamusi kwamba explain imetoka kwenye kilatini, asili yake ni kusawazisha, kama unavyosawazisha ardhi yenye mabonde mtu apite. Nikaipenda sana. Ila ya kwetu naipenda zaidi, maana eleza inatokana na elea, jambo limenielea, na elewa nayo imetoka hapo hapo. Yaani anaeeleza na anaeelewa wameshika neno moja, huyu ncha hii na yule ncha ile.

Jioni ya siku ile nikaliandika upya lile jibu kwa kiingereza changu cha kuungaunga, sentensi tisa, because hapa, therefore pale. Mama alikua uani anachagua mchele wa kuloweka. Nikamsomea, akaniambia sasa nambie kwa kiswahili, nikamwambia yote, hamira, sukari, gesi, rojo linavyoishika. Akaacha ungo, akawa ananiangalia.

"Na ile khanga umeiandika?"

Sikua nimeiandika. Akasogeza taa ya chemli karibu yangu.

"Iandike. Bila ile khanga hakipandi kitu."