Ngazi za Rim Rock

"Kwani jamaa amekosea, Mama Rehema?"

Baba Rehema aliyasema hayo Jumapili jioni akiwa kwenye usukani, macho barabarani, sauti ya kawaida kabisa. Sikumjibu mpaka tukafika Carbondale. Wiki hii Rehema amepata barua ya chuo cha uuguzi, mimi nimehamishiwa zamu ya mchana, wageni wa St. Louis wamekuja na kuondoka, na bado nikitandika vitanda vya wazee kule kazini ninachokisikia ni swali hilo.

Karafuu, mbwa wetu mwoga, mnamjua, na mnajua alikuwaje alipotoka kwenye makao ya mbwa wasio na wenyewe: mlango ukigongwa tu, yuko uvunguni. Tulikuwa Rim Rock, ndani ya msitu wa Shawnee, kusini mwa Illinois, pale njia inaposhuka kwa ngazi za mawe kati ya majabali mawili. Hapo mtu mwenye begi kubwa anapita ubavu. Mimi na Karafuu tulitangulia, Baba Rehema na Tango, mbwa wetu wa pili, nyuma. Mbwa mkubwa wa rangi ya asali akapanda mbio kutoka chini, hana kamba. Mwenyewe hata hatujamwona, ila sauti yake ikasikika: "Usijali, wangu anapenda kila mtu!" Nikasema, "Wangu anaogopa. Mshike, tafadhali." Akajibu, "Basi ungemwacha nyumbani."

Karafuu alinguruma, yule mwingine akasita, mwenyewe akafika akamshika shingoni, tukapishana. Hakuna aliyeumia. Maneno ya mtu yule yalinichoma kwa muda wa ile njia iliyobaki, yakaisha. Haya ya Baba Rehema hayajaisha, kwa sababu yeye kamba ya Karafuu amewahi kuishika, na anajua.

Mbwa mwoga akiwa huru hamfuati mgeni uso kwa uso. Anazunguka nusu duara, ananusa chini, anatazama pembeni, na akiona mambo hayampendezi anaondoka zake. Ndiyo adabu yao. Ukimfunga kamba umemwondolea uwezo wa kuondoka. Ukimweka kati ya kuta mbili za mawe umemwondolea na ile nusu duara. Kinachobaki ni kunguruma, na mngurumo ni onyo tu, tena onyo la mapema, ambalo mbwa hafai kuadhibiwa kwa kulitoa. Ukimkanya kila akinguruma, siku moja atauruka mngurumo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Tena kamba ikikazwa inamwinua kifua na shingo, na mbwa wa upande wa pili anausoma mkao huo kuwa ni ubishi. Kwa hiyo aliyefungwa na asiyefungwa wakikutana mahali pembamba, upole wa yule aliye huru hausaidii kitu. Hata awe mpole kuliko mbwa wote wa Illinois, anachokifanya ni kumbana mwenzake kwenye kona.

Ndiyo maana naona jamaa alikosea. Kwenye kambi na sehemu zilizojengwa za misitu ya taifa, kamba ni lazima, na isizidi futi 6, karibu mita 1.8. Shawnee ina sababu zake za ziada. Majabali ya mchanga ya Garden of the Gods hayana uzio sehemu nyingi, na ile njia fupi ya kutazamia, robo maili tu, inakupitisha karibu na ukingo mara kwa mara. Mawe yakiota kuvu na kulowa yanateleza. Kuanzia Oktoba majani makavu yanafunika nyufa na kingo, usijue jiwe linaishia wapi. Kindi akikatiza, mbwa hapimi kina. Halafu kuna nyoka wa sumu aina ya copperhead, wa rangi ya majani hayohayo, ambaye hujilaza tuli hata ukaribie kumkanyaga. Mbwa anayekimbia mbele humkuta kwa pua.

Kamba yenyewe iwe ya urefu mmoja. Zile zinazojikunja ndani ya kibweta cha plastiki hazifai msituni: uzi wake unazunguka vichaka, unaunguza miguu ya watu, na breki yake inachelewa. Kamba ya kiunoni naipenda kwenye njia tambarare, lakini juu ya majabali ninaifungua, maana kilo 23 zikiruka ghafla zinakuvuta nazo. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifua, si kwenye kola, na mkanda huo uwe na mshikio mgongoni wa kumnyanyulia kwenye vidato virefu. Kabla ya kuondoka gari lilipo, pitisha vidole viwili kati ya mkanda na mbavu. Vikipita vinne, mbwa mwoga atarudi kinyumenyume na kuuvua, na hilo hutokea pale tu anapoogopa, yaani pale usipotaka litokee.

Na mbwa wa mtu akikujia mbio, toka njiani hatua tatu nne, mweke wako nyuma ya miguu yako, legeza kamba, kisha urushe konzi ya vipande vya nyama puani kwa yule anayekuja, si miguuni kwako. Wengi husimama kula, nawe unapata nafasi ya kugeuka na kuondoka. Neno la kugeukia lifundishwe nyumbani, kwenye korido, kwa majuma kadhaa, mpaka mbwa ageuke kabla hujamaliza kulitamka. Usimbebe mikononi, maana yule mwingine ataruka kumfuata. Kwenye ngazi za Rim Rock hakuna hatua tatu za kutoka. Anayeshuka huwa anaona vizuri zaidi, kwa hiyo ninasimama juu, naita, nasubiri kimya, ndipo ninateremka. Tulifanya hivyo Jumapili. Jamaa hakujibu, na mbwa wake alikuwa keshaingia.

"Basi ungemwacha nyumbani." "Kwani jamaa amekosea?"

Lakini Baba Rehema, Jumamosi usiku tulikuwa wapi?

Tulikuwa Pharaoh, ile kambi ndogo ya Garden of the Gods ambako hakuna kuweka nafasi, anayewahi ndiye anayepata. Majirani walikuwa pande zote mbili. Kamba ya Karafuu uliifunga wewe mwenyewe. Mikanda miwili ya turubai, upana wa sentimita 2.5, ilizungushwa kwenye miti ili isikate gome, kamba ya milimita 8 ikavutwa kati yake kwa urefu wa kifua cha mtu, na fundo likafungwa sentimita 70 kabla ya kila mti, ili kipete kinachoteleza juu ya kamba kisifike kwenye shina na mbwa asijizungushe. Kikamba cha kutoka kwenye kipete kilitosha alale na ageuke, hakikutosha afike motoni wala kwenye vigingi vya hema. Kasoro ya mtindo huu ni kwamba kamba hulegea baada ya saa moja ya kuvutwavutwa, ikashuka, mbwa akapitisha mguu juu yake. Uliikaza bila kuambiwa.

Nikiikumbuka saa ile hasira inanitoka. Tango alikuwa ameshajikunja. Karafuu alikuwa amesimama, masikio yanageuka kila jirani akifunga mlango wa gari. Nikamtandikia kipande chake cha sponji ngumu, kile kinacholala nyumbani jikoni, chenye harufu yake. Hilo ni jambo dogo ambalo watu hulisahau: usimnunulie mbwa mwoga kitanda kipya cha safari. Mpe kilekile, tena kiwe na unene wa kutosha, kwa sababu baridi inayomsumbua usiku inatoka ardhini. Chakula nilimpa baada ya kupumzika kama saa nzima. Mbwa mwenye kifua kirefu akishiba huku bado anahema, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hiyo ni dharura ya kumwua. Maji tulikuwa tumekwenda nayo: kwa siku ya kukaa tu mbwa anahitaji takriban mililita 60 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo wa kilo 23 ni karibu lita moja na nusu, na siku ya kutembea ongeza nusu yake. Anywe kidogokidogo kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Dimbwi lililotulia lenye utando wa kijani asiliguse. Mwani ule unaweza kuwa na sumu inayoua ini.

Akalala. Ubavu chini, miguu imenyooka, tumbo wazi kwa dunia nzima, majirani wanacheka pembeni. Mbwa yule wa uvunguni! Nilikaa namtazama mpaka kuni zikaisha. Angebaki nyumbani, angejifunzia wapi hayo?

Asubuhi ilikuwa kazi ya kupe. Watu hudhani baridi ikianza kupe wamekwisha, kumbe kupe wa paa waliokomaa hutoka Oktoba na Novemba. Kwa sasa wanaosumbua zaidi ni watoto wa kupe wa doa jeupe, wale ambao jike wao mzima ana nukta moja mgongoni. Wanakaa makundi kwenye ncha ya jani, wadogo kuliko punje ya ulezi, na ukiligusa wanakuhamia wote. Kibano hakifai kwao, tumia utepe wa gundi, bandika na bandua. Kwa wakubwa, kibano chembamba, shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usipake mafuta wala usimchome moto. Kupe anayebeba ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria, kwa kawaida anahitaji kung'ata zaidi ya saa 24, kwa hiyo kumkagua kila jioni kunalipa: ndani ya masikio, chini ya kola, makwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Nanyi wenye mbwa jikagueni, maana kupe wa doa jeupe anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu, ng'ombe na mbuzi vyote, na sisi hatuna sherehe isiyo na mbuzi.

Sasa naandaa Oktoba. Tutakwenda Bell Smith Springs siku ya katikati ya wiki, watu wachache, vijito vyepesi vya kuvuka. Vizibao vya rangi ya chungwa kwa mbwa wote na kwetu, maana wawindaji wa paa wenye pinde wanakuwa wameshaanza. Koleo dogo la kufukia kinyesi, shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji. Bandeji ya kujishika yenyewe kwa nyayo zikikatika, isikazwe, na vidole viwili vya katikati vionekane ili ujue kama vinavimba. Nyoka akimng'ata usoni, vua kola mara moja kabla hajavimba, mbebe usimtembeze, usikate, usifunge, usinyonye, nenda kwa daktari wa mifugo. Simu ndani kule haishiki, kwa hiyo anwani ya daktari nimeiandika kwenye karatasi. Na kwa ajili ya kicheche wa Marekani mwenye mstari mweupe, akimrushia mbwa uvundo wake: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bekingi soda, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya vyombo. Changanya palepale, paka, macho yasiguswe, ngoja dakika tano, suuza. Usiufungie mchanganyiko kwenye chupa, utapasuka.

Nitamwonyesha Baba Rehema orodha hii kesho akiamka, na kamba nitampa yeye ashike upande wa Karafuu.

Jumatatu Bi Mkubwa anatolewa mtoto wa jicho kule Tanga. Kaka Salimu anasema ni operesheni ndogo, anarudi nyumbani siku hiyohiyo, na hilo ni kweli. Lakini baada yake kuna dawa ya matone, mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa, na Bi Mkubwa mikono inamtetemeka, hawezi kujidondoshea. Salimu anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Anasema jirani atasaidia. Nimemwuliza ni jirani yupi, tangu jana hajajibu.