Nilivyotengeneza Picha za Mama wa Dagaa Bila Kumkata Mtu

Wanawake wanaoanika dagaa Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza, wamepigwa picha sana. Wageni, watafiti na watu wa miradi wamepita na kamera zao, wakapiga, wakaondoka nazo. Mimi nilitaka kutengeneza kitu chenye ukubwa wa mlango, kilichounganishwa kwa fotografia, nyavu kuukuu, kanga na salfeti za kubebea dagaa, ambacho mama aliyemo angekitazama na kusema, "Huyu ni mimi." Nilifika nilipotaka kufika. Naandika hatua zake kwa sababu vijana wanaopenda kazi hii hapa kwetu huniuliza mara kwa mara, na maelezo yake kwa Kiswahili ni machache.

Nafanya kazi kwenye duka la steshenari Kirumba: fotokopi, picha za pasipoti, kulamineti vyeti. Mashine yetu inatumia tona, na hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Tona ni unga wa plastiki wenye rangi. Joto la mashine huuyeyusha ukashika kwenye karatasi, na kwa kuwa ni plastiki, unaweza kuuhamisha tena ukautoa kwenye karatasi ile ukaupeleka kwingine. Njideka Akunyili Crosby, mchoraji aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983 na ambaye sasa anaishi Los Angeles, amejenga kazi zake nyingi juu ya njia hiyo. Huchukua picha za familia na za majarida ya kwao, huzilaza kifudifudi, huzilowesha kwa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kuzisugua hadi sura ihamie upande wa pili. Ukiitazama kazi yake kwa mbali unaona watu wamekaa sebuleni. Ukisogea unakuta ukuta, zulia, hata nguo, vimejaa nyuso za Wanigeria wengine. Nilipoelewa kwamba msingi wa yote hayo ni nakala ya kawaida, nilijua na mimi naweza.

Asetoni nikaiacha. Harufu yake ndani ya chumba kidogo inaumiza kichwa, na kwenye mbao inatoa sura hafifu. Nilichotumia ni gundi nyeupe ya mbao, ile ile ya mafundi seremala. Unapiga msasa ubao wa plaiwudi, unapaka gundi tabaka jembamba lililo sawa, unalaza nakala uso ukiangalia chini, kisha unasukuma hewa itoke kuanzia katikati kwenda pembeni. Unaacha hadi kesho yake. Halafu unalowesha mgongo wa karatasi kwa sponji na kuifikicha polepole kwa ncha za vidole. Karatasi inatoka vipande vipande, tona inabaki imeshikwa na gundi. Ikikauka utaona ukungu mweupe. Hayo ni mabaki ya karatasi, basi unalowesha na kufikicha tena. Usitumie kucha. Na usitumie nakala ya printa ya wino wa maji, itavuja yote.

Kumbuka pia kwamba sura inageuka, kulia kunakuwa kushoto. Kwa uso wa mtu si tatizo kubwa, ila kanga ina jina, na mtumbwi una namba ubavuni. Kabla ya kutoa nakala igeuze kwanza kwenye kompyuta.

Salfeti ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote. Gundi haiishiki, ikikauka inabanduka kama ganda. Nikaenda kwa wazee wanaoshona nyavu pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapofikia, wakanionyesha namna ya kupitisha uzi wa nailoni na kufunga fundo lisiloteleza. Tangu hapo salfeti na nyavu nazishona kwenye ubao kwa kutoboa matundu pembeni, sizibandiki. Mshono unaonekana, na nimeuacha uonekane kwa makusudi, maana ni mshono wa pale pale zilipotoka nyavu. Nyavu zenyewe zifuliwe kwa sabuni mara kadhaa. Magamba na mchanga vikibaki, vanishi haikai.

Hali ya hewa ya ziwani ina masharti yake. Wakati wa masika karatasi inavimba na gundi inakawia kukauka, kwa hiyo kazi ya kuhamisha sura naifanya kiangazi, kuanzia Juni. Kukaushia ni kivulini, kwa sababu jua kali linaivuta gundi ikapasuka. Vanishi ipakwe asubuhi. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani hujazana kwenye taa, na kila kilicho kibichi kinawanasa.

Hayo yote ni ufundi, na ufundi unajifunzika. Kazi kubwa ilikuwa kwa wenye sura.

Nilikuwa nimeandaa sampuli moja kwa mtindo niliouona kwa wasanii wakubwa wa kolaji, yaani picha inayoungwa kwa vipande vya picha nyingine: uso wa mwanamke kutoka kwenye gazeti, mwili wa kwingine, mikono ya kwingine. Nikaipeleka Igombe ili akina mama waone ninachokusudia. Nilichagua siku za mbalamwezi, kwa kuwa uvuvi wa dagaa ni wa taa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika, na waanikaji nao wanapata nafasi ya kuzungumza. Mama mmoja, mkubwa wao kwa umri, aliitazama sampuli kwa muda, akanirudishia.

"Mwanangu, huyu mmemfanya nini?"

Nikamweleza kuwa ni sanaa, vipande vinaunganishwa.

"Sawa. Lakini mimi usinikate. Nipige nikiwa mzima."

Wenzake wakaitikia. Mmoja akasema picha pekee aliyonayo yeye ni ile ya kadi ya mpiga kura, kichwa na mabega tu, basi na huko nako ameshakatwa.

Nililifikiria neno hilo kwa muda mrefu, kwa sababu kukata ndiyo asili ya kolaji. Hannah Höch, msanii Mjerumani aliyezaliwa 1889, alifanya kazi kwenye kampuni ya magazeti mjini Berlin akichora vielelezo vya ufumaji na utarizi kwa wasomaji wanawake, na baada ya vita kuu ya kwanza akageuka kuyakata magazeti yale yale. Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alichukua kurasa za zamani za vitabu vya tiba vyenye michoro ya maradhi ya wanawake, akabandika juu yake macho na midomo kutoka majarida ya mitindo. Nawaheshimu mno. Ninavyowaelewa, walikata kwa sababu mwili wa mwanamke ulikuwa umeshakatwa na wengine, na matangazo, na vitabu vya daktari, wakaamua kujibu kwa mkasi uleule. Mama wa Igombe hajafika huko. Yeye hajawahi hata kuonyeshwa akiwa mzima. Kumkata kabla hajaonekana ni kumrukisha hatua ambayo ni haki yake.

Basi nikageuza kazi. Mtu habaki na alama ya mkasi hata moja. Kinachokatwa ni mahali. Nilipiga picha za vichanja, mawe, mitumbwi iliyopinduliwa, mizani, beseni, karabai za zamani na taa za sola za sasa. Vitu hivyo ndivyo nilivyovikata na kuvipanga upya nyuma ya mama na miguuni pake. Mama mwenyewe nilimpiga amesimama, kutoka kilemba hadi kandambili, kwa nguo aliyoichagua. Karibu wote walienda kubadilisha nguo kwanza. Kuna rafiki aliyeniambia kwamba wangebaki na nguo za kazi ingekuwa na ukweli zaidi. Sikubaliani naye. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alipofungua studio yake Bamako mwaka 1948, watu walimjia wamevaa vizuri, na aliwasimamisha mbele ya kitambaa cha maua. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Hakuna anayesema leo kwamba picha zile zina uongo. Mtu ana haki ya kuchagua namna atakavyokumbukwa.

Nakala zetu ni nyeusi na nyeupe, za rangi ni ghali kwa ukubwa ule. Rangi nikaipata kwenye kanga halisi: namwomba mama kipande cha kanga iliyochakaa, nakishona pale inapoonekana kanga yake kwenye picha. Kwa hiyo uso ni tona, nguo ni nguo yake kweli.

Kabla ya kuanza ubao wowote, mama hupewa picha yake safi, nzima, kwenye karatasi ya foto, hata kama baadaye atakataa kuendelea. Wawili walikataa, wakabaki na picha zao. Ubao ukiuzwa tunagawana nusu kwa nusu baada ya kutoa gharama ya plaiwudi, gundi na vanishi, na gharama hizo nazisoma mbele yao kutoka kwenye daftari. Wasanii wenzangu waliona nusu ni nyingi mno. Mimi naona ni hesabu sahihi, maana sura si yangu, na kanga si yangu.

Zilipokamilika za kwanza tulizionyesha palepale Igombe, tukiwa tumeziegemeza kwenye vichanja vitupu. Watu walizikaribia sana, wakagusa mishono, wakabishana nyavu hii ni ya mtumbwi wa nani.

Pale pale likazuka ombi ambalo sikulitegemea. Mama mmoja, mjane, akanitolea kutoka kwenye mkoba picha ndogo ya studio ya marehemu mume wake, akaomba asimamishwe kando yake. Hapo nilimkumbuka Sammy Baloji, mpiga picha wa Kongo aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ambaye mwaka 2006 alichukua picha za zamani za vibarua wa migodi ya Katanga akaziweka mbele ya picha zake mpya za mitambo iliyokufa. Waliokwenda na waliobaki wanasimama kwenye uwanja mmoja. Picha ya marehemu sikuigusa kwa gundi wala kwa sponji. Niliiskani dukani mbele ya mama, nikamrudishia papo hapo, kisha nikaikuza nakala hadi mabega ya mume yakalingana na ya mkewe. La kuangalia hapo ni mwanga. Kwenye studio ile ulitoka kushoto, na kwa mama ulitoka kulia, kwa hiyo nilimpiga upya saa kumi jioni, mwanga ukimjia kutoka kushoto vilevile.

Ubao huo hauuzwi, tumekubaliana hivyo. Upo nyumbani kwake, na gharama yake tumeitoa kwenye mauzo ya nyingine. Sasa kina mama wengine wanaleta picha za wazazi na za watoto waliohamia mbali, na Kayenze nako wameniita. Masharti ni yaleyale: picha halisi inarudi mkononi kwa mwenyewe siku hiyohiyo, na hakuna anayekatwa.