Kisima, mawingu na kerneli: kumbukumbu ya mradi wangu wa kupima kina cha maji

Novemba, kabla ya mvua

Kisanduku changu cha kupima kina cha maji kinafanya kazi, ila siku za jua tu. Kimefungwa kwenye kisima kirefu cha kijiji kimoja upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Ndani yake kuna ubao wa BeagleBone Black, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mfumo wa Linux, betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, modemu ya USB, na waya unaoshuka kisimani hadi kwenye kihisi cha presha. Juu ya nguzo kuna paneli ya wati 20. Kihisi kinalishwa volti 24 na kinajibu kwa mkondo: miliampea 4 maana yake hakuna maji juu yake, miliampea 20 maana yake maji yamefika kipeo cha kipimo chake. Mkondo huo unapita kwenye resista, chipu ya ADS1115 inapima volti zake, na namba inaingia kwenye kompyuta kwa njia ya I2C, nyaya mbili za kuongelea kati ya chipu na kompyuta.

Pampu ya kisima ni ya sola. Jua likizama inasimama, na maji yanaanza kupanda kurudi kwenye kina chake. Anayetaka kujua afya ya kisima aangalie kupanda huko kwa usiku kabla ya kitu kingine chochote. Maji yakirudi upesi, mwamba unapitisha vizuri. Yakizidi kuchelewa wiki hadi wiki, pampu inavuta kuliko kisima kinavyoweza.

Halafu kuna mvua. Dodoma tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, zilichambuliwa na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013: ni kumbukumbu za miaka 55, na zinaonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi huku hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanashuka miaka kadhaa mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa unayapandisha. Kupanda kukubwa kuliko kote ni kwa msimu wa 1997/98, ule wa El Niño. Kwa hiyo siku ambazo sitaki kabisa kupoteza hata kipimo kimoja ni siku za mawingu mazito, na hizo ndizo siku ambazo paneli haileti kitu.

Hesabu iko hivi. Betri ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri za aina hii zinakufa mapema ukizinyonya hadi mwisho, kwa hiyo nahesabu nusu tu, 42. Ubao ukiwa umekaa bila kazi unakula kama wati 1.5, sawa na wati-saa 36 kwa siku. Kihisi pamoja na kipandisha-volti chake, kinachotoa volti 24 kutoka kwenye 12 za betri, mkondo ukiwa karibu miliampea 15, vinavuta wati 0.4 hivi kutoka kwenye betri; hizo ni kama wati-saa 10 kwa siku. Modemu nusu wati, 12 nyingine. Jumla 58. Betri iliyojaa haimalizi siku moja bila jua, ilhali kazi halisi ya vifaa vyote hivyo ni sekunde chache kila robo saa.

Watu wengi wananishauri niongeze betri. Nakataa. Betri kubwa ni ghali, ni mzigo kwenye bodaboda, na inatamanisha wezi. Zaidi ya hayo, naamini kifaa kisicho na kazi hakipaswi kula umeme, na kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa, ina kila kinachohitajika kulitimiza hilo.

Desemba

Nimeanza kwa kusoma hali ilivyo. Linux ina utaratibu wa kulaza kifaa kimoja kimoja huku kompyuta nzima ikiendelea na kazi. Uliingia kwenye toleo la 2.6.32, mwaka 2009, na mtu aliyeubeba zaidi ni Rafael Wysocki. Kwenye kompyuta za kawaida hali za kifaa zinajulikana kwa majina ya ACPI, kanuni za kompyuta za kusimamia umeme, kuanzia D0 kikiwa macho hadi D3 kikiwa kimezimwa. Ubao wangu hautumii ACPI. Unatumia mti wa vifaa, faili linaloieleza kerneli nini kimeunganishwa wapi, na kwa kila kifaa kerneli inashika hali nne: kiko macho, kinaenda kulala, kimelala, kinaamka.

Kila kifaa kina folda yake chini ya `/sys`. Humo, `power/runtime_status` inasema kiko katika hali gani sasa hivi. `power/control` inasema kama kimeruhusiwa kulala au kimelazimishwa kukesha. `power/runtime_suspended_time` inajumlisha milisekunde zote kilizolala tangu kompyuta iwake. Mafaili hayo matatu yanajibu maswali mengi kuliko saa nzima ya kusoma msimbo, na ningemwambia yeyote anayeanza kazi kama hii aanzie hapo.

ADS1115 nimeikuta vizuri. Kiendeshi chake, yaani programu inayoiongoza ndani ya kerneli, kinailaza baada ya sekunde 2 bila kazi, na muda wake wa kulala unaongezeka kama inavyotakiwa. Lakini chipu hiyo ikiwa macho inavuta mikroampea 150 tu, kwa hiyo faida yake haionekani hata kwenye maltimita. Mlaji ni kipandisha-volti cha kihisi. Kwenye mti wa vifaa kimeandikwa `regulator-always-on`, yaani kisizimwe kamwe, na sababu inaeleweka: hakuna kiendeshi kinachojitangaza kuwa mtumiaji wake, na kerneli huzima regileta (chombo cha kutoa volti, kama kipandisha-volti hiki) isiyo na mtumiaji muda mfupi baada ya kuwaka. Bila neno hilo kihisi kingezimwa na kisiwashwe tena.

Kinachokosekana, basi, ni mwenye regileta hiyo. Nimeandika kiendeshi kidogo cha kihisi kinachosimama juu ya chaneli ya ADS1115 na kuishika regileta ya volti 24 kama mali yake. Kikiamshwa kinawasha regileta, kinasubiri sekunde 3 ili usomaji utulie, ndipo kinapima. Kikilazwa kinazima regileta. Neno la kukesha nimelifuta kwenye mti.

Moyo wa utaratibu wote ni kihesabu kimoja. Anayetaka kifaa anaongeza moja, akimaliza anapunguza moja, na kikifika sifuri kerneli ina ruhusa ya kukilaza kifaa. Ni kama msimamizi wa kilula, hafungi koki mpaka ndoo ya mwisho iondoke. Kerneli haibahatishi nani bado ana haja, inaamini kihesabu. Kiendeshi kisichopunguza kinakiacha kifaa macho daima, na madhara hayaishii hapo, kwa kuwa mzazi kwenye mti, yaani kifaa ambacho kingine kimeunganishwa kupitia kwake, naye halali mtoto wake akiwa macho. Kihisi kimoja kinaweza kukesha na ukoo mzima.

Kuna mahali ambapo uvujaji wa namna hii umetokea kwenye viendeshi vingi. Amri ya kerneli ya kukiamsha kifaa, `pm_runtime_get_sync`, inaongeza kihesabu hata pale inaposhindwa kukiamsha kifaa. Mwandishi akiona kosa anarudi mara moja, na ile moja iliyoongezwa inabaki. Tangu kerneli 5.10 kuna `pm_runtime_resume_and_get`, ambayo ikishindwa inarudisha yenyewe ilichoongeza. Kwa kiendeshi kipya sioni sababu ya kutumia ile ya zamani, hasa kisanduku kikiwa porini, ambako unyevu na viungio vyenye kutu vinaleta hitilafu za I2C ambazo mezani huzioni.

Nimeweka pia ucheleweshaji wa sekunde 10 kabla kihisi hakijalala. Fundi akiwa kisimani anapima mfululizo huku akifungua na kufunga valvu, na si haki asubiri sekunde 3 kwa kila kipimo.

Januari

Mvua zimeanza vizuri, barabara ya kwenda kijijini ni tope. Nimemkuta mzee wa kamati ya maji amekaa chini ya kibanda cha pampu.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kisanduku chako kinaendeleaje?"

"Kinaendelea vizuri, mzee. Leo nimekuja kukifundisha kulala."

"Kikilala, maji ya usiku nani atayapima?"

Nimemweleza kwamba kila robo saa kitaamka chenyewe, kitapima, kitalala tena. Akafikiri kidogo, akasema basi anataka kuona kipimo cha saa tisa usiku, kwa sababu saa hiyo kisima kimetulia na kina mama hawajaanza kuja na ndoo. Yuko sahihi kabisa, na tangu siku hiyo nakitazama kipimo hicho kuliko vingine.

Kulala kwenyewe ni kulala kwa kompyuta nzima, `rtcwake -m mem -s 900`: ilale, saa iiamshe baada ya sekunde 900. Kerneli inawaendea viendeshi kwa mpangilio, watoto kwanza na wazazi baadaye, na kuamka ni kinyume chake. Mwishoni prosesa kuu, Cortex-A8, inakabidhi kazi kwa Cortex-M3 ndogo iliyomo ndani ya chipu ile ile ya AM335x. Hiyo ndogo ndiyo inayozima kilichobaki na kungoja saa ifike. RAM inaachiwa umeme kidogo tu wa kutunza kilichomo.

Kwa vipimo hivi modemu nimeichomoa. Nilitegemea kuona kama miliampea 21 kwenye betri ubao ukiwa umelala, yaani robo wati hivi. Maltimita ikaonyesha 56. Tofauti ni 35, na 35 kwa volti 12 ni wati 0.4: kihisi kile kile. Ubao umelala, kihisi kiko macho robo saa nzima.

Sababu yake ni nzuri na inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu haimo kwenye kiendeshi peke yake. Kulala kwa kifaa kimoja na kulala kwa kompyuta nzima ni njia mbili tofauti ndani ya kerneli. Skripti yangu inapima, kisha papo hapo inailaza kompyuta. Wakati huo kihesabu cha kihisi ni sifuri, lakini zile sekunde 10 bado hazijaisha, kwa hiyo kihisi bado kiko macho kikisubiri zamu yake. Kompyuta inapoanza kulala, kerneli inagandisha foleni ya kazi inayotumika kulaza vifaa, na inakiongezea kila kifaa moja kwenye kihesabu ili pasiwe na kinachobadilisha hali katikati ya safari. Ni uamuzi wa busara. Bila huo, kifaa kingeweza kulazwa na njia mbili kwa mpigo. Matokeo yake ni kwamba sekunde zile 10 haziishi kamwe. Kila kitu kinalala kihisi kikiwa na volti zake 24.

Kiendeshi kinatakiwa kiseme pia kifanye nini kompyuta nzima inapolala. Kerneli ina jozi iliyo tayari kwa kazi hiyo, `pm_runtime_force_suspend` na `pm_runtime_force_resume`. Ya kwanza inaita njia ile ile ya kulaza niliyokwisha kuiandika, bila kujali muda uliobaki. Ya pili ina adabu ya kutokiwasha kifaa kama hakuna aliyekuwa akikitumia wakati wa kulala, kwa hiyo kompyuta ikiamka kwa sababu nyingine kihisi hakisumbuliwi. Ni mistari michache sana ya msimbo. Maltimita ikashuka hadi 21.

Februari

Hesabu mpya: ubao uliolala unakula wati-saa 6 kwa siku. Kuamka mara 96 kwa sekunde 10, wati 2 kila mara, ni nusu wati-saa. Kihisi, kikiwashwa sekunde 5 kila kipimo, ni dakika 8 kwa siku, yaani chini ya sehemu ya kumi ya wati-saa moja badala ya 10. Jumla haifiki 7. Betri sasa inabeba siku 6 bila jua, na hata siku ya mawingu paneli inaongeza kidogo.

Wiki ya mvua kubwa imepita na mchoro hauna pengo. Mchana mstari unashuka, jioni unapanda kwa kasi, halafu unalala taratibu kuelekea alfajiri. Kipimo cha saa tisa usiku nimemwandikia mzee kwenye daftari la kamati, siku kwa siku, kwa sababu daftari ndilo linalosomwa kwenye mkutano.

Imebaki modemu. Vifaa vya USB, ukiacha hab (vigawa-milango vya USB), kwa kawaida vinaanza vikiwa vimelazimishwa kukesha mpaka mtu abadilishe `power/control` iwe `auto`. Nimebadilisha, na modemu hii inalala, lakini ikiamka inajitokeza kama kifaa kipya na muunganisho wa mtandao unakufa. Sitapigana nayo. Kwa data ya vipimo 96 kwa siku hakuna haja ya modemu kuwa hai zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitaikata umeme kabisa kwa transista inayoongozwa na pini ya GPIO, ile ambayo programu inaweza kuiwasha na kuizima, niiandike kwenye mti wa vifaa kama regileta, na iwashwe saa sita mchana tu, jua likiwa kali. Transista ninazo. Bado naandika sehemu ya kusubiri modemu ijisajili kwenye mnara kabla skripti haijaanza kutuma, kwa sababu kijijini pale mtandao unachukua muda kushika.