Kabla hujanunua busta ya Wi-Fi ya bei chee

Vile vidude vya kuchomeka ukutani vilivyoandikwa "300 Mbps" (Mbps ni kipimo cha spidi ya intaneti) haviongezi spidi ya kifurushi, vinarusha upya tu kile vilichopokea. Na kwa kuwa vingi hupokea na kurusha kwa redio moja ya masafa ya 2.4 GHz, spidi hushuka karibu nusu.

Kwanza unganisha kompyuta na ruta kwa waya, upime spidi. Unalipia Mbps 10, unapata 9? Laini iko sawa, huenda tatizo ni kuta zinazozuia Wi-Fi. Hapo busta inaweza kusaidia. Ukipata 3 hata kwa waya, wabane wanaokuuzia intaneti.

Ukinunua, ichomeke katikati ya ruta na chumba chenye shida. Wengi huichomeka kule kule kusikoshika, halafu wanailaumu. Mimi ningevuta waya tu.